Kadi ya grafiki imeinama? Ishikilie kabla hujahama keja

MWISHO wa mwezi ukifika, Nairobi huhama. Simama kando ya barabara pale Roysambu, Kasarani au Umoja na utaona pikapu na mikokoteni ikibeba maisha ya watu: godoro limefungwa kamba, mtungi wa gesi, ndoo iliyojaa sufuria, na mtu ameketi juu ya mzigo huo akiwa ameikumbatia kompyuta yake kama mtoto mchanga.

Rafiki yangu alihama hivyo mwaka jana. Kazi yake ni kuhariri video za harusi na mazishi, na kompyuta ndiyo shamba lake. Aliibeba mwenyewe kwa bodaboda, akaipakata mapajani, akamwomba dereva apunguze mwendo kila penye tuta. Alipofika keja mpya akaiunganisha na umeme. Taa zikawaka, feni zikazunguka, lakini skrini ikabaki nyeusi.

Kufungua kasha, alikuta kadi ya grafiki imechomoka nusu kwenye sloti yake, inaning'inia kwa skrubu za nyuma. Akairudisha. Wapi! Fundi alipoimulika kwa tochi alimwonyesha ufa mwembamba kama unywele kwenye pembe ya kadi, karibu kabisa na pale inapoingia kwenye sloti. Wenyewe walikuwa wanangoja video yao Jumamosi.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kadi ile ilikuwa imempa onyo kwa miezi mingi. Ilikuwa imeinama upande wa mbele, na kila aliyepita chumbani kwake aliiona kupitia kioo cha pembeni. Yeye alidhani ni suala la sura tu.

Kama unacheza gemu, unahariri video, unachora kwa kompyuta au unajifunza mambo ya akili unde, huenda kadi ya grafiki ndicho kifaa ghali kuliko vyote ndani ya kasha lako. Na kama ni ya kisasa, huenda pia ndicho kizito kuliko vyote. Fungua macho uone jinsi ilivyoshikiliwa.

Uzito umetoka wapi?

Zamani kadi hizi zilikuwa nyepesi. GeForce 256 ya mwaka wa 1999, ambayo kampuni ya NVIDIA iliitangaza kuwa GPU ya kwanza duniani, ilikuwa na feni moja ndogo tu katikati. Hata mwaka wa 2014, kadi kama GTX 750 Ti ilitumia wati 60 pekee. Haikuhitaji hata waya wake wa umeme, kwa sababu sloti yenyewe huweza kutoa hadi wati 75.

Sasa linganisha na RTX 4090 iliyotoka Oktoba 2022. Hiyo inakula hadi wati 450, karibu nusu ya pasi ndogo ya umeme. Umeme huo wote huishia kuwa joto, na joto lazima liondolewe. Ndiyo maana juu ya chipu wamepanga mapezi ya alumini, mirija ya shaba na feni mbili au tatu. Chipu yenyewe haina uzito wa kusumbua mtu. Mzigo ni hiyo mitambo ya kuipoza. Toleo la NVIDIA wenyewe la RTX 4090 lina urefu wa milimita 304 na uzito unaozidi kilo mbili. Nyingi za daraja la kati zenye feni tatu hukaribia kilo moja au kuipita.

Tatizo ni kwamba nyumba ya kadi haikubadilika. Makasha mengi ya kompyuta za mezani bado yanafuata mpangilio wa ATX ambao Intel iliutoa mwaka wa 1995, enzi ambazo kadi ilikuwa kitu cha kushika kwa vidole viwili. Katika kasha linalosimama wima, mazabodi, yaani ubao mama, husimama kama ukuta. Kadi nayo hutokeza kwenye ukuta huo ikiwa imelala, kama rafu ya vitabu.

Rafu hiyo inashikiliwa pande mbili tu. Upande mmoja ni sloti, ambayo ina urefu wa milimita 89. Upande wa pili ni nyuma ya kasha, ambako hufungwa kwa skrubu moja, mbili au tatu. Pembe ya mbele, ile iliyo mbali na skrubu na mbali na mazabodi, haijashikwa na chochote. Hiyo ndiyo huinama.

Unataka kujua kadi yako inavyohisi? Nenda jikoni uchukue pakiti ya unga ya kilo mbili. Ishike karibu na kifua: hakuna shida. Sasa nyoosha mkono mbele yako uishike hivyo hivyo dakika tatu. Kilo ni zile zile, ila umbali kutoka begani umeongeza nguvu inayokuvuta chini. Kadi yako hufanya zoezi hilo usiku na mchana, mwaka mzima, na haina mkono wa pili wa kupokezana.

Je, kuinama kunaua kadi?

Tuseme ukweli, maana mitandaoni kuna wa kutia watu hofu na kuna wa kupuuza. Kuinama kwa milimita chache pekee si hukumu ya kifo. Kuna kadi nyingi zilizoinama na bado zinapiga kazi miaka nenda miaka rudi. Ukiona yako imeshuka kidogo leo, usiikimbilie kwa bisibisi ukitetemeka.

Hata hivyo, kuinama huleta madhara ya aina tatu polepole.

La kwanza ni mguso. Meno ya dhahabu ya kadi yanapaswa kukaa sawasawa ndani ya sloti. Kadi ikilala upande, baadhi ya meno hugusa vibaya. Ndipo unapata kompyuta inayozima skrini ukiigonga meza, au inayokataa kuiona kadi leo na kuiona kesho.

La pili ni mkazo kwenye ubao wa kadi. Ubao huo si plastiki tupu. Umejengwa kwa matabaka kadhaa yenye njia nyembamba za shaba ndani yake, na chipu pamoja na kumbukumbu zimeshikizwa juu yake kwa vitone vidogo vya lehemu. Ubao ukipinda, vitone hivyo na njia hizo huvutwa. Joto la kuwasha na kuzima kila siku huzifanya zitanuke na kusinyaa huku tayari zimekazwa.

La tatu ni waya wa umeme. Kadi ikishuka na waya ukiwa umevutwa juu, plagi hukaa kwa pembe. Mwishoni mwa 2022, baadhi ya plagi mpya za RTX 4090 ziliyeyuka. NVIDIA ilisema Novemba mwaka huo kwamba ilikuwa imepata habari za visa kama 50 duniani, na kwamba plagi kutoingizwa hadi mwisho ilikuwa sababu kuu. Kuinama si chanzo cha mkasa huo, lakini funzo ni lile lile: plagi iingie yote, na waya usipindwe kwenye shingo yake. Acha sentimita tatu au nne zikiwa zimenyooka kabla ya kuukunja.

Noma yenyewe huja siku ya safari. Kompyuta ikiwa imetulia mezani, kadi hubeba uzito wake tu. Gari likiruka tuta, uzito huo hugeuka nyundo. Nguvu yote huishia kwenye pembe ile ndogo yenye kikato ambamo ndoano ya sloti hukamata kadi isitoke. Mafundi wa kadi Marekani na Ulaya wamekuwa wakionyesha kwenye video zao kadi kubwa zilizopasuka hapo hapo. Ufa ukishakata njia za ndani ya ubao, kutengeneza ni kazi ngumu, na mara nyingine haiwezekani kabisa. Usitegemee sana waranti pia, kwa sababu kwa kawaida haigusi kitu kilichovunjika au kupasuka.

Kwa hivyo kuna mambo mawili tofauti: kuishikilia kadi inapokaa, na kuitoa inaposafiri. Wengi hufanya la kwanza wakasahau la pili.

Nguzo za bei nafuu

Kabla ya kununua chochote, angalia boksi la kadi yako. Kadi nyingi kubwa huja na chuma au stendi yake ya kuishikilia, na watu huiacha humo wakidhani ni kipande cha ziada. Kama ulinunua kadi bila boksi, una njia hizi.

Njia ya bure kabisa ni kulaza kasha. Liweke upande ambao mazabodi iko chini na kioo kiko juu. Sasa kadi imesimama wima juu ya sloti kama kitabu, na hakuna pembe inayoning'inia. Hakikisha tu hujaziba matundu ya hewa. Shida ni nafasi: keja ya chumba kimoja haina meza ya kuchezea.

Njia ya pili ni stendi ya kurefusha. Ni kijiti chenye skrubu ya kuongeza au kupunguza urefu, mara nyingi kina sumaku chini na raba juu. Hukaa kwenye sakafu ya kasha na kuinua pembe ya mbele ya kadi. Uliza kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta katikati ya jiji au utafute mtandaoni. Pima kwanza urefu kutoka sakafu ya kasha hadi chini ya kadi, kwa sababu stendi huja kwa saizi mbalimbali.

Ya tatu ni ya kujitengenezea. Kipande cha bomba la PVC kutoka hadweya, kilichokatwa kwa urefu sahihi na kuwekewa raba juu na chini, kinafanya kazi sawa na stendi ya dukani. Kijiti cha mbao kilichopigwa msasa pia ni sawa. Kuna watu wanaotumia matofali ya kuchezea ya Lego, na si utani: hayapitishi umeme, ni magumu, na unaongeza moja moja hadi urefu ukukubali.

Kuna vitu vya kuepuka. Usitumie waya wa hanga wala chuma kilicho uchi, kwa sababu kikiteleza kikaangukia mazabodi utakuwa umejichomea mwenyewe. Usijaze makaratasi au katoni chini ya kadi, kwani huziba hewa na hubonyea. Kuifunga kadi kwa kamba ya nailoni kutoka juu kunaweza kusaidia, lakini kamba hulegea kwa joto, na ikigusa feni utasikia kelele kabla hujajua kilichotokea.

Njia ya mwisho ni kuisimamisha kadi wima kwa mabano maalumu na kebo ya kuiunganisha na mazabodi. Hupendeza, lakini ina gharama. Feni hukaribia kioo na kukosa hewa, na kebo ya kizazi cha zamani inaweza kuleta hitilafu kwenye kadi mpya. Usiichague kwa sababu ya picha tu.

Na vipi kuhusu mazabodi zenye sloti iliyovikwa chuma? MSI, ASUS na Gigabyte wote wanazo. Chuma hicho huiimarisha sloti isivunjike, lakini hakiinui pembe ya mbele ya kadi. Bado unahitaji nguzo.

Jinsi ya kuiweka

Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme ukutani. Bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini mwako.

Legeza kidogo skrubu zinazoshika kadi nyuma ya kasha, usizitoe. Kwa mkono mmoja inua pembe ya mbele ya kadi taratibu hadi ikae sawa, ukiishika kwenye fremu na si kwenye feni. Kwa mkono mwingine kaza skrubu zile. Watu wengi huruka hatua hii, ilhali wakati mwingine hiyo peke yake huondoa nusu ya mwinamo.

Sasa weka nguzo chini ya pembe ya mbele, mahali pagumu pa fremu, mbali na mapanga ya feni. Kama huamini jicho lako, simu yako ina programu ya pima maji. Lengo ni kadi ikae sawa, basi. Ukiisukuma juu kupita kiasi utakuwa umeipinda upande wa pili, na hiyo ni shida ile ile.

Zungusha kila feni kwa kidole uone haigusi kitu. Washa kompyuta, ipe kazi nzito kwa dakika 20, kisha uchungulie tena. Halafu kila unapopiga vumbi, angalia kama nguzo haijahama.

Ukitaka kujua kama kadi imekaa vizuri kwenye sloti, fungua programu ya bure ya GPU-Z utazame sehemu ya basi. Kama kadi na sloti zako ni za x16 lakini kadi inaonyesha x8 au x4, huenda meno hayagusi sawasawa. Itoe, isafishe, uirudishe. Lakini soma kwanza maelezo ya mazabodi, kwani baadhi ya sloti ndefu zimeumbwa kufanya kazi kwa x4 tu, na baadhi ya kadi pia ni za x8 tangu kiwandani.

Nani hahitaji?

Si kila mtu. Vijana wengi hapa huanza na kompyuta ya ofisi iliyotoka ng'ambo, maarufu kama ex-UK, kisha wanaiwekea kadi ndogo kama GTX 1050 Ti au GTX 1650. Nyingi za kadi hizo ni fupi, nyepesi, na zina feni moja au mbili. Haziinami kiasi cha kukunyima usingizi. Hifadhi pesa yako, nunua kumbukumbu zaidi.

Kipimo rahisi ni hiki: kama kadi yako ina feni tatu, au inaziba nafasi ya sloti zaidi ya mbili, au ukiitazama kwa pembeni unaona pembe ya mbele iko chini kuliko ya nyuma, iwekee nguzo.

Siku ya kuhama

Hapa ndipo rafiki yangu alipopotea. Kwa kadi kubwa, sheria ni moja: kadi isisafiri ndani ya kompyuta. Hata kama unahamia mtaa wa pili. Hata kama unaituma kwa basi la usiku kwenda Kisumu au Mombasa na wameahidi kuiweka mahali salama.

Toa waya wa umeme wa kadi, fungua skrubu za nyuma, kisha ubonyeze ndoano iliyo mwisho wa sloti. Kadi kubwa huificha ndoano hiyo, na watu wengi huvuta kwa nguvu bila kuibonyeza. Ndivyo sloti zinavyovunjika. Tumia rula ya plastiki au penseli kuifikia. Usitumie bisibisi, ikiteleza itakwaruza mazabodi. Iweke kadi kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, kisha kwenye boksi lake, na uibebe wewe mwenyewe. Ndiyo maana mabosi wa kompyuta hawatupi maboksi.

Kama huwezi kabisa kuitoa, lisafirishe kasha likiwa limelala, mazabodi chini. Liweke juu ya kiti au godoro, si kwenye sakafu ya pikapu. Ukifika, fungua kasha uangalie kadi kabla ya kuwasha.

Ukinunua kadi ya mitumba, kumbuka mwenye kuiuza naye huenda alihama. Iangalie kwa ubavu uone kama ubao umepinda. Mulika kwa tochi ya simu pale kwenye kikato cha ndoano, pande zote mbili, utafute ufa. Kisha iwekwe kwenye kompyuta na ifanyishwe kazi nzito mbele ya macho yako kabla hujatuma M-Pesa. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kadi ya rafiki yangu haikupona. Alikesha siku mbili kwenye kompyuta ya kuazima, akatoa video ya harusi Jumapili usiku badala ya Jumamosi, na akalazimika kupunguza malipo. Baadaye alinunua kadi nyingine, ndogo kidogo na ya mitumba. Chini ya pembe yake ya mbele kuna kipande cha bomba la PVC alichokata kwa msumeno wa kuazima kwa jirani. Na juu ya kabati, boksi tupu la kadi linangoja mwisho wa mwezi mwingine.